Uzito wa Litumbandyosi

Kwenye ramani za zamani za mvutano wa dunia nchini Tanzania, kila kipimo ni kitone, na vitone vinafuata barabara. Vinatoka Dar es Salaam, vinapita Morogoro, vinapanda Iringa, vinateremka kuelekea Songea. Palipopita gari pana kitone. Pasipopita gari, karatasi imebaki nyeupe. Na weupe unazidi ukielekea kusini-magharibi, kwenye mabonde yaliyo kati ya milima ya Wamatengo na Mto Ruhuhu, halafu unaendelea juu ya Ziwa Nyasa, kwa kuwa majini hakuna mtu anayeweza kusimika chombo na kukitazama kwa utulivu.

Weupe huo ndio ulionipeleka kijijini Litumbandyosi. Mwaka 2012 na 2013 ndege ndogo ilizunguka anga ya nchi yetu, mstari baada ya mstari, ikipima kani ya mvutano. Kazi ilifanywa na DTU Space ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na wizara yetu ya ardhi, na kutokana nayo ikapatikana TZG13, hesabu inayoeleza usawa wa bahari ungekuwa wapi chini ya kila kijiji cha Tanzania kama bahari ingeweza kupenya chini ya nchi kavu. Kwa mara ya kwanza mahali pasipo na lami palipimwa kwa chombo kilekile na kwa uangalifu uleule uliotumika Dar es Salaam. Nilitaka kupaona pale chini, na kusikia wenyeji wangesema nini.

Nilifuatana na mpima ardhi ninayemfahamu tangu zamani, ambaye hapa nitamwita Mpima, kwa kuwa ndivyo walivyomwita kila tulipofika. Alikuwa ameazima gravimita, chombo cha kupimia mvutano. Haitishi kwa umbo: sanduku la urefu wa sentimita 30 hivi, kilo nane, skrini ndogo juu na miguu mitatu ya kuzungusha. Ndani yake kuna springi ya kwatzi iliyobeba kipande kidogo sana, ndani ya ombwe, kwenye joto lisilobadilika. Ikizimwa joto linapotea, na itachukua saa nyingi kabla haijaaminika tena, kwa hiyo haizimwi. Mpima aliipakata njia nzima, imefungwa mkanda wa gari pamoja naye, betri ya akiba miguuni. Kila tuta la barabarani alilisikia mgongoni kabla yangu.

Kipimo cha kwanza tulikichukua Mbinga alfajiri, baridi ikiwa bado kwenye mibuni. Kuzunguka mji, miteremko ina ngoro, mashimo yaliyopangwa kwa mistari ya matuta ambayo Wamatengo wanalimia milima mikali bila udongo kuteremka na mvua. Mtu anayetaka kujua kama watu wa huku wanaelewa maji yanavyotafuta njia ya kushuka, aende akaangalie ngoro. Hapo nilijua kwamba sikuja kuwaeleza jambo geni.

Kutoka Mbinga tulirudi nyuma hadi Kitai, tukaacha barabara ya Songea na kushika njia ya Ruanda. Huko ndiko yanakotoka makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa tangu 2011, na malori yake yalikuwa yakija mbele yetu yamefunikwa turubai. Barabara inashuka na kushuka. Miti ya miombo inachukua nafasi ya kahawa, hewa inakuwa nzito, mihogo inatokea kando ya nyumba. Na kadiri tulivyoshuka, kila kitu ndani ya gari kiliongezeka uzito, sisi wenyewe tukiwemo.

Hilo lina hesabu yake. Mvutano hupimwa kwa miligali, kutokana na jina la Galileo. Mvutano wote wa dunia katika latitudo zetu ni takriban miligali 978,000, kwa hiyo miligali moja ni kama sehemu moja ya milioni. Ukiteremka mita moja kwenye nchi kavu unapata takriban sehemu mbili za kumi za miligali, kwa kuwa umekaribia kitovu cha dunia. Kutoka Mbinga hadi ufuko wa Ziwa Nyasa unateremka vya kutosha kuongeza zaidi ya miligali mia moja. Chukua gunia la mahindi la kilo 100 Mbinga, ulitundike kwenye mizani ya springi iliyo sahihi kabisa, kisha ulipeleke ziwani: litazidi kwa zaidi ya gramu 10. Mnunuzi hatalipa zaidi wala mkulima hatadai. Lakini gravimita ya Mpima inasoma hadi sehemu ya elfu ya miligali moja, na kwa uwezo huo huanza kuonekana mambo ambayo hayatokani na mwinuko tena. Yanatokana na mwamba ulio chini.

Hatukuwa wa kwanza kulipima jambo hili katika nchi hii. Mwaka 1899 na 1900, msafara wa Wajerumani uliokuwa na Ernst Kohlschütter na Hans Glauning ulibeba pendulamu katika koloni la Afrika Mashariki. Walisimika pendulamu, wakaiachia icheze, wakahesabu mwendo wake kwa saa nyingi. Ikicheza haraka zaidi, mvutano ni mkubwa zaidi. Vitabu vinawataja Wajerumani wale wawili. Wapagazi waliobeba masanduku ya saa na shaba kichwani, bila kuruhusiwa kuyatikisa, hawatajwi, ingawa bila shingo zao kusingekuwa na kipimo hata kimoja. Mwaka 1933 na 1934 akaja Mwingereza Edward Bullard na pendulamu zake, na 1936 akachapisha matokeo: juu ya Bonde la Ufa mvutano umepungua kuliko ilivyotarajiwa. Alidhani sakafu ya bonde imebanwa kutoka pande mbili na kuzuiliwa chini. Leo tunajua ardhi inavutwa na kutanuka, na upungufu ule unatokana kwa sehemu kubwa na mashapo mepesi yaliyojaza bonde. Vipimo vyake vilikuwa vizuri kuliko maelezo yake, na ndiyo sababu vilitumika miaka mingi baada ya maelezo kuachwa.

Litumbandyosi tulifikia ofisi ya kijiji, kama inavyopasa. Tulisaini kitabu cha wageni, tukaonyesha barua, mtendaji akaisoma yote hadi mhuri. Mwenyekiti aliitwa kutoka shambani. Kabla hajafika, wazee walikuwa wameshakaa kwenye benchi la barazani, na swali lao la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mwenye chombo hukutana nalo huku: tunatafuta makaa au urani? Wana sababu ya kuuliza. Watu wamekuja na mashine, wakachimba mashimo membamba, wakaondoka na sampuli, na majibu hayakurudi.

“Shikamoo wazee,” Mpima alisema, akakaa chini yao, kwenye ngazi. “Hatutafuti madini. Tumekuja kupima hapa pana urefu gani kutoka bahari, na dunia inavuta kiasi gani.”

“Marahaba. Kwani dunia inavuta tofauti tofauti?”

“Inatofautiana kidogo sana, mzee.”

“Na mlijuaje, kama ni kidogo hivyo?”

Mpima alisema afadhali waone wenyewe. Alichagua kona ya baraza la zege, mbali na mti, maana mti ukiyumba mizizi hutikisa ardhi. Akaweka chombo, akazungusha skrubu za miguu moja baada ya nyingine hadi alama mbili kwenye skrini zikakutana katikati. Akabonyeza. Kipimo huchukua dakika moja, chombo kikisoma mara kadhaa kila sekunde na kutafuta wastani. Tarakimu ya chini ya skrini inaonyesha jinsi masomo yanavyotawanyika, nayo ilianza kupanda. Watoto wa shule walikuwa wamekuja mbio kutoka ng'ambo ya uwanja.

“Miguu yao hiyo,” Mpima alisema. “Kinawasikia.”

Mzee mmoja akanyanyua fimbo bila kusema neno. Watoto wakasimama. Mama aliyekuwa akitwanga nyuma ya nyumba ya jirani akaombwa apumzishe mchi. Mpima akaanza upya, na sote tukaitazama ile tarakimu ikishuka, ikashuka tena, ikatulia. Alirudia mara tatu, masomo yakatofautiana kwenye tarakimu ya mwisho tu. Akaandika namba, saa na dakika. Saa ni lazima, kwa kuwa mwezi na jua navyo vinavuta ile springi, na kati ya saa hii na ile vinaweza kuibadilisha kwa sehemu tatu za kumi za miligali. Chombo kilekile kilichosumbuliwa na mchi kilikuwa kikiusikia mwezi.

Hapo yule mzee wa fimbo akauliza swali ambalo nimelisikia pia kwa wanafunzi wa chuo, ila yeye alilifikia peke yake. Kama mguu wa mtoto unaharibu kipimo, ndege inayotikisika angani inapimaje?

Hili ndilo jambo la ajabu la kazi nzima. Springi haiwezi kutofautisha mvutano wa dunia na mtikisiko wa chombo kilichoibeba. Kwake vyote ni msukumo. Ndani ya ndege, mitikisiko inaweza kuwa mikubwa mara elfu nyingi kuliko kile unachokitafuta. Mwaka 1958 Jeshi la Anga la Marekani lilipandisha gravimita ya Lucien LaCoste kwenye ndege kubwa, na jaribio likaonyesha kwamba inawezekana. Kilichokosekana kwa miaka mingi baadaye ni kujua mwendo wa ndege yenyewe kwa usahihi wa kutosha. Jibu lilikuja na GPS. Setilaiti zinaeleza ndege ilivyopanda, ilivyoshuka na ilivyoyumba, kila nukta ya safari. Springi inaeleza jumla ya yote. Ukitoa la kwanza kwenye la pili, kinachobaki ni mvutano.

Kuna pia mwelekeo. Dunia inazunguka kwenda mashariki. Ndege inayoruka mashariki inaongeza mzunguko huo na kuwa nyepesi kidogo. Inayorudi magharibi inakuwa nzito. Katika latitudo ya Mbinga, ndege inayokwenda mita 100 kwa sekunde kuelekea mashariki hupoteza takriban miligali 1,600 kwa sababu hiyo tu. Ukikosea kasi yake kwa mita moja kwa sekunde, umekosea miligali 17 hivi, zaidi ya kile unachokitafuta. Ukikosea urefu kwa mita moja, umeongeza sehemu tatu za kumi. Ndiyo maana marubani wa kazi hii hupendelea asubuhi, kabla jua halijaamsha hewa, na huruka mistari iliyonyooka, kisha mistari ya kukatiza, ili mahali mistari miwili inapokutana namba zake zipatane. Ikifanywa vizuri, kosa linabaki miligali moja au mbili.

Mpima aliyaeleza haya polepole, akichora kwa kijiti mavumbini: ndege, mshale wa mashariki, mshale wa chini. Mzee akafuta mshale mmoja kwa kidole akauchora mrefu zaidi. Akasema anakumbuka ndege iliyopita chini kabisa alipokuwa kijana, mbuzi wakatawanyika. Hiyo huenda ikawa mojawapo ya zile za mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati kampuni ya Geosurvey ilipopima nchi nzima sumaku na mionzi ya miamba. Upimaji ule hufanywa chini chini. Ndege ya mvutano haina haja ya kutisha mbuzi.

Udhaifu wake nao usemwe. Kwa kuwa lazima masomo yachanganywe kwa dakika moja na zaidi ili mitikisiko ijifute, na ndani ya dakika hiyo ndege imeshapita kilomita kadhaa, picha inayotoka ina ukungu. Kitu chenye upana wa chini ya kilomita kumi hivi hakionekani vizuri. Tabaka la makaa la mita chache halionekani kabisa, na yeyote atakayewaambia wanakijiji kwamba ndege iliona makaa yao kwa mvutano anawadanganya. Kinachoonekana ni bakuli lililoyabeba. Bonde la Ruhuhu ni shimo la kale la miamba iitwayo Karoo, lililojaa mchanga, matope na mabaki ya mimea kuanzia zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, likagandamizwa kuwa mwamba mwepesi kuliko miamba mikongwe inayolizunguka. Kilomita moja ya mwamba huo mwepesi hupunguza mvutano kwa miligali kama 10. Hilo ndege inaliona. Setilaiti ya Ulaya, GOCE, iliyopima mvutano kutoka angani kati ya 2009 na 2013, iliona kwa uwazi mambo yenye upana wa kilomita mia hivi. Bonde kama hili lingeyeyuka ndani ya picha yake. Nchi yetu ilihitaji jicho la katikati, kati ya setilaiti na miguu.

Wakati huo kipokezi chetu cha GPS kilikuwa kimesimama juu ya miguu mitatu uwanjani, kikikusanya ishara za setilaiti kwa saa kadhaa, na mchi ulikuwa umerudi kazini. Mama mwenye mchi alikuja mwenyewe mchana, amejifunga kanga kiunoni. Hakujali miamba ya Karoo. Aliuliza kama chombo kinajua maji yalipo.

“Hapana, mama. Hiki hakioni maji.”

“Sasa kina faida gani kwetu?”

Nimehudhuria mikutano mingi ya wataalamu na sikumbuki swali lililoulizwa moja kwa moja namna ile. Mpima alimjibu kwa kumuuliza chemchemi wanayotegemea iko wapi. Alionyesha kilimani. Akasimulia bomba la mserereko lililowahi kulazwa kutoka huko, maji yakafika vioski vya juu na cha mwisho kikabaki kikavu. Mpima hakusema sababu, kwa kuwa hakuwapo. Bomba lina mambo mengi. Alieleza hatari moja tu anayoijua. Kipokezi cha GPS hakijui bahari. Kinajua umbo laini la dunia la kihesabu, lililobonyea kidogo kwenye ncha, na urefu kinachokutajia ni kutoka kwenye umbo hilo. Ukikiweka ufukweni Dar es Salaam, mawimbi yakigusa miguu yake, kitakuambia uko mita ishirini na kitu chini ya sifuri. Maji hayafuati hesabu hiyo. Yanafuata mvutano. Tofauti kati ya umbo la hesabu na usawa halisi hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na kandokando ya Bonde la Ufa inaweza kuinama sentimita kadhaa kwa kila kilomita. Kwa mtaro mrefu wa umwagiliaji usio na mteremko mkubwa, hizo ndizo sentimita zinazoamua.

Zamani njia ya kuziepuka ilikuwa kubeba usawa kwa levo kutoka kwenye alama hadi alama, hatua kwa hatua kando ya barabara kuu, hadi kwenye kipimo cha bahari cha Tanga cha miaka ya 1960. Kijiji kilicho mbali na barabara kilikuwa mbali na bahari pia. Sasa mtu mwenye kipokezi na TZG13 anaweza kupata urefu unaoeleweka na maji akiwa Litumbandyosi kwenyewe, kwa sababu ndege ilipita juu yake kama ilivyopita juu ya Dodoma. Ninaamini hilo ni jambo kubwa, na linaniuma kwamba mafundi wengi wa miradi midogo bado wanapima kwa simu ya mkononi wakati hesabu ipo na nchi imeshaigharimia.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia mtendaji aiandike ile namba ya urefu wa baraza, isije ikaondoka na gari. Mtendaji akaiandika kwenye faili la maji, akapiga mhuri.

Tulishuka hadi Lituhi, Ruhuhu inapoingia ziwani na Manda ya Ludewa iko ng'ambo ya mto. Usipa ulikuwa umeanikwa juu ya vichanja, na wanawake walikuwa wakiugeuza kwa mikono miwili. Kwa mwenye kupima mvutano, Ziwa Nyasa ni zawadi. Maji yakitulia, uso wake wote ni usawa mmoja halisi, kilomita zaidi ya 500 kutoka Kyela hadi kusini mwa Malawi, na bado ukilinganishwa na umbo la hesabu uso huo umeinama kwa mita, kwa kuwa unafuata vilima na mabonde ya mvutano. Chini yake kuna kina kinachopita mita 700 upande wa kaskazini, na chini ya kina hicho kilomita za mashapo. Kabla ya ndege, sehemu kubwa ya haya tulikuwa tukiyakisia kutoka ukingoni.

Mpima alisimika kipokezi juu ya mchanga, hatua chache kutoka majini, akasubiri, akatoa urefu wa jeoidi, yaani usawa ule wa bahari wa TZG13, kwenye urefu wa GPS. Jibu likaangukia mita mia nne na sabini na kitu, mahali ambapo ziwa linajulikana kukaa. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mbinga.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliangalia yote haya, kisha akatuita. Miaka ya karibuni maji yamepanda, akasema, yamekula vichanja na kuingia nyumba za mbele. Alitupeleka hadi kwenye ukuta wa nyumba ya dada yake, akaonyesha mstari wa tope mkavu, ziwa lilipofika lilipopanda kuliko alivyowahi kuona. Watu walikuwa wanataka kujenga upya na kila mmoja alikuwa na lake kuhusu mahali salama.

Mpima alisoma urefu wa mstari ule. Akaongeza mita moja na nusu, kwa kuwa mvuvi alisema mawimbi ya kusi hupanda kiasi hicho. Kisha akaomba vigingi na nyundo, na vijana wawili wakaenda kuvichonga, huku yeye akitembea na kipokezi pembeni mwa nyumba, akitafuta kila mahali ambapo ile namba inatokea tena: nyuma ya kanisa, kwenye mwembe wa pili, kando ya njia ya kisimani. Kigingi cha kwanza kilipigiliwa hatua arobaini juu ya pale watu walipokuwa wamekwisha kumwaga mawe ya msingi. Mwenye msingi alisimama akakitazama, akauliza kama anaweza kupimiwa tena. Alipimiwa tena. Kisha akaanza kuhamisha mawe.